Asiyepisha na Aliyeumizwa: Fidia ya Ajali ya Barabarani ni Haki, si Kisasi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Matema



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, vijana wetu wa VIWAWA, na ninyi ndugu zetu Walutheri na Wamoravian mlioitikia mwaliko wetu: tunawashukuru kwa kufika. Ndaga fijo. Tunajua wengine wenu mmeacha shughuli za soko la Lyulilo na wengine mmeacha mpunga juani bila mtu wa kuufukuzia kuku. Hatutawachosha kwa maneno yasiyo na kazi.

Tulipotangaza kichwa cha mada hii, mzee mmoja wa heshima alitujia sakristia akatuuliza, “Baba, tangu lini Kanisa likawafundisha watu kushitakiana?” Swali hilo ni zuri, nasi tutalijibu. Walakini hatutalijibu kwanza. Kwanza tutawasimulia jambo lililotokea, kwa sababu bila hilo jibu letu lingekuwa la kitabuni tu.

Mama mmoja wa kigango chetu, ambaye hatutamtaja jina na ambaye ametupa ruhusa ya kuyasema haya, alikuwa amepanda pikipiki kutoka Ipinda akirudi nyumbani. Ilikuwa jioni. Kijana aliyemchukua alikuwa katika barabara kuu, upande wake wa kushoto, taa imewashwa, mwendo wa kawaida. Gari la kubebea kakao lilikuwa likitoka katika barabara ya vumbi ya pembeni. Halikusimama. Dereva, kwa maneno yake mwenyewe, alidhani pikipiki ingempisha kwa kuwa gari lake ni kubwa. Kijana aliruka akapata michubuko. Mama alivunjika mfupa wa paja.

Siku ya nne baada ya ajali wakaja watu wa upande wa dereva, wazee watatu na mke wa dereva akiwa na mtoto mgongoni. Walikuja na mchele, kuku wawili na shilingi laki tatu. Walisema kwa unyenyekevu sana kwamba dereva ni kijana, ana watoto, na akifungwa nyumba yake itaanguka. Walituomba sisi tuwe katikati. Nasi tukakaa katikati, tukasali, tukazungumza juu ya msamaha, na watu wakalia. Ikaandikwa karatasi kwamba pande mbili zimepatana na hakuna mwenye kumdai mwenzake tena. Chini ya karatasi ile, mahali palipoandikwa “shahidi”, ipo sahihi yetu.

Tuliondoka pale tukiwa na furaha ya kazi njema. Hatukuuliza hata swali moja juu ya bima. Hatukuuliza gari ni la nani, kwa maana dereva hakuwa mwenye gari. Hatukumuuliza daktari kama mguu ule utapona, wala utapona kwa gharama gani. Laki tatu zilikwisha kabla ya mwezi. Jeraha liliingia usaha, mama akapelekwa Rufaa Mbeya, akafanyiwa upasuaji mara ya pili. Familia iliuza ng’ombe, kisha ikakodisha shamba la kakao kwa miaka miwili. Binti mkubwa aliacha masomo ili amuuguze. Leo mama yule anatembea kwa gongo, na kazi ya kuinama jarubani kupandikiza mpunga hataiweza tena. Gari lile la kakao bado linapita mbele ya nyumba yake kila wiki.

Hicho ndicho kiini cha mada hii. Hatusemi kwa ajili ya kumlaumu dereva peke yake. Sisi nasi tunayo sehemu yetu.

Kupisha maana yake nini

Zamani barabara yetu ilikuwa ya vumbi na matope, na mwendo wa gari ulilingana na mwendo wa ng’ombe. Katika miaka ya 2010 barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, karibu kilomita 39, ilitiwa lami. Tulimshukuru Mungu, na tunaendelea kumshukuru, maana mgonjwa anafika hospitali akiwa hai na mpunga wetu unafika sokoni. Lakini lami ilikuja na mwendo, na mwendo ulikuja kabla ya mazoea. Bado tunatoka katika vichochoro vyetu na kuingia barabarani kama tulivyokuwa tukiingia wakati kulikuwa na baiskeli tu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, yaani Sura ya 168, inamtaka kila dereva aendeshe kwa uangalifu na kwa kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Katika jambo la kupisha, mambo makuu si mengi. Anayetoka barabara ndogo kuingia barabara kuu husubiri mpaka njia iwe wazi. Anayekata kulia huwapisha wanaokuja mbele yake. Anayefika penye mzunguko huwapisha waliomo ndani, wanaotokea kuliani kwake. Anayekuta mtu kwa miguu katika kivuko chenye milia husimama. Alama ya pembe tatu iliyogeuzwa kichwa chini yasema “pisha”, na ile nyekundu ya pembe nane yasema “simama”, hata kama huoni mtu yeyote. Mahali popote katika sheria hapasemwi kwamba mdogo ampishe mkubwa. Kanuni hiyo ya ukubwa tumeitunga wenyewe barabarani, nayo inaua.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake, barabara humaliza kwanza wale wasio na bati la kuwakinga. Katika tarafa zetu hao ndio karibu watu wote.

Jibu kwa mzee wetu

Sasa turudi kwa swali la mzee. Je, Mkristo aliyeumizwa anaruhusiwa kudai?

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Baada tu ya Amri Kumi, Mungu anawapa Waisraeli maagizo juu ya mambo ambayo sisi tungeyaita ya kawaida kabisa: watu waliopigana, ng’ombe mwenye kupiga pembe, shimo lililoachwa wazi. Mtu aliyemjeruhi mwenzake hata akalala kitandani, asipokufa, huyo aliyempiga hatauawa, bali atamlipa kwa muda aliopoteza na kuhakikisha ameponywa kabisa. Tazameni mambo mawili: muda uliopotea, na matibabu mpaka mwisho. Hayo ni madai yale yale ambayo mwanasheria wa leo huyaandika katika hati ya madai.

Kisha soma habari za ng’ombe. Ng’ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng’ombe huyo alijulikana kuwa mkali, na mwenyewe alionywa wala asimzuie, basi mwenye ng’ombe anawajibika. Sisi watu wa Kyela tunaelewa ng’ombe kuliko tunavyoelewa magari, kwa hiyo mfano huu hauhitaji ufafanuzi mrefu. Mwenye gari ambaye anajua breki zake ni mbovu, au anajua dereva wake ni mlevi, au anamlipa dereva kwa idadi ya safari hata asipate nafasi ya kusimama penye njia panda, huyo ndiye mwenye ng’ombe mkali. Maandiko hayamwachi ajifiche nyuma ya dereva, na sheria ya nchi pia haimwachi: mwajiri hujibu kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa katika kazi ya mwajiri.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa yake, swali la 62, anashughulika na suala la kurudisha. Anajiuliza: aliyemkata mwenzake kiungo atarudishaje, na hali mkono hauoti tena? Jibu lake kwa kifupi ni kwamba pale ambapo haiwezekani kurudisha kilicho sawasawa, hurudishwa kile kinachowezekana, kwa fedha au kwa heshima, kwa kadiri ya hukumu ya mtu mwema na kwa kuzingatia hali ya pande zote mbili. Anafundisha pia kwamba kurudisha si hiari kwa mwenye kutaka kuokoka. Tulisoma mambo haya seminarini, tukayafanyia mtihani tukafaulu, kisha tukaenda kutia sahihi karatasi ya laki tatu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, inahesabu kuwa ni hatia nzito kuhatarisha usalama wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi barabarani. Ni dhambi ya kuungamwa, wala si “bahati mbaya” tu.

Kuhusu msamaha: ndiyo, Mkristo husamehe. Lakini msamaha ni wa yule aliyeumizwa. Hakuna padre, wala katekista, wala mzee wa ukoo anayeweza kusamehe mguu wa mtu mwingine. Tena kusamehe ni kuacha chuki na kuacha kulipiza. Si kufuta deni la hospitali na kulihamishia kwa watoto wa majeruhi. Zakayo alipokutana na Bwana hakusema tu kwamba anaomba radhi. Aliahidi kurudisha mara nne. Msamaria naye alilipa dinari mbili na kuahidi kulipia kitakachozidi, kwa maana alijua kwamba uponyaji haukwishi siku ile ile ya kufungwa jeraha. Sisi tulikuwa tumefunga hesabu siku ya nne.

Ipo hofu nyingine ambayo wazee hawaisemi wazi: kwamba tukidai tutavunja undugu. Tunaiheshimu hofu hiyo. Hapa kwetu anayekugonga leo, kesho mtakutana msibani na utakula naye sahani moja. Lakini fikirini tena. Katika ajali nyingi anayelipa fidia, au anayepaswa kulipa, ni kampuni ya bima, si jirani. Mwenye gari alikwisha kulipia bima hiyo kwa sababu sheria inamlazimisha. Tunapopatana kimya kimya kwa kuku na mchele, tunayemwokoa hasa ni kampuni, na jirani zetu wawili, aliyegonga na aliyegongwa, wanabaki maskini wote wawili.

Faini si fidia

Kosa kubwa tunalolikuta vigangoni ni kuchanganya kesi mbili. Dereva anapofikishwa mahakamani kwa kuendesha kwa uzembe au kwa hatari, hiyo ni kesi ya jinai, na mshitaki ni Jamhuri. Akitozwa faini, fedha zinakwenda Serikalini. Majeruhi hapati senti. Watu hurudi nyumbani wakisema, “Kesi imekwisha, dereva amelipa.” Amelipa, ndiyo, ila hakumlipa aliyevunjika. Ni kweli hakimu wa kesi ya jinai anao uwezo wa kuamuru mshitakiwa amlipe fidia aliyedhurika, na majeruhi anaweza kumwomba mwendesha mashtaka alikumbushe jambo hilo. Lakini aghalabu amri hiyo haitolewi, au huwa ndogo.

Madai ya fidia ni kesi ya pili, ya madai, ambayo majeruhi mwenyewe huifungua, kwa kawaida katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Hapo hushitakiwa dereva na mwenye gari. Hukumu ya jinai inayomtia dereva hatiani ni silaha kubwa katika kesi hii ya pili, kwa hiyo ni vema kuchukua nakala yake yenye muhuri.

Na bima? Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo asili yake ni enzi ya Waingereza, inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu. Huyu mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni mwenye chombo, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni wewe uliyegongwa. Bima hii wengi huiita bima ndogo, na kwa sababu ya jina hilo hudhani haifai kitu. Ndogo ni kwa mwenye gari, maana haitengenezi gari lake. Kwa aliyevunjika mguu ndiyo kubwa. Mama yetu wa pikipiki alikuwa mtu wa tatu kwa gari lile la kakao, na alikuwa na haki kamili.

Angalizo dogo: mtu aliyepewa lifti ya bure katika gari la binafsi, gari hilo likisababisha ajali, mara nyingi hamo katika bima ndogo ya gari lile lile, isipokuwa hati iseme vingine. Anayelipa nauli yumo.

Wazee wanakumbuka enzi ambapo kulikuwa na Shirika la Bima la Taifa tu, tangu 1967 mpaka sheria ya 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi. Siku hizi kampuni ni nyingi na ajali moja yaweza kuhusu kampuni mbili. Msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009. Kwa namba ya gari tu, bima yake huweza kuhakikiwa katika mfumo wa kompyuta wa TIRA; kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kukusaidia. Kampuni ikikuzungusha, yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kumwendea hakuhitaji wakili.

Nini kifanyike, na lini

Maisha kwanza. Majeruhi apelekwe hospitali. Lakini wakati wengine wanambeba, mmoja wenu abaki na aandike: namba ya gari, jina la dereva, mahali hasa, saa, hali ya barabara, majina na simu za walioona. Katika kijiji chetu watu mia hukusanyika penye ajali na baada ya wiki hakuna aliyeona. Mwenye simu apige picha ya mahali magari yalipo kabla hayajasogezwa, pamoja na alama za matairi. Kwa ajali ya mtu asiyepisha, picha hiyo ni nusu ya ushahidi, kwa kuwa inaonyesha nani alikuwa katika njia yake na nani ameingia.

Taarifa ipelekwe polisi mapema iwezekanavyo, na mchukue fomu ya polisi namba tatu, ile PF3. Wengine huiona kama kibali cha kutibiwa tu. Ni zaidi ya hapo: daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, na maandishi yake yatasomwa mahakamani. Hakikisheni imejazwa mpaka mwisho na mbaki na nakala. Baadaye ombeni taarifa ya polisi juu ya ajali, mchoro wa mahali pa ajali na ripoti ya mkaguzi wa magari. Mchoro ukiwa na kosa, semeni mapema na kwa heshima. Tusiwasingizie askari wote kwamba huuza michoro; wapo waadilifu, nao hufurahi wakimwona mwananchi anayefuatilia.

Jambo la risiti limetusumbua sana. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, ilikariri kanuni kwamba hasara mahsusi lazima itajwe wazi katika madai na ithibitishwe. Hasara mahsusi ni ile inayohesabika: dawa, nauli ya kwenda Mbeya, gongo, chakula cha muuguzaji, mavuno yaliyopotea. Hakimu hawezi kukisia. Mama yetu alitumia fedha nyingi, lakini zilizo na karatasi ni kidogo. Bodaboda hawatoi risiti, na muuza dawa haandiki usipomwomba. Basi mnunue daftari la shule, mkaandike kila senti siku ile ile, na palipo na risiti ibandikwe. Kuna pia fidia ya jumla, ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua, ambayo hakimu huikadiria mwenyewe kwa kutazama taarifa ya daktari na hali ya mtu. Mkulima asiseme “sina kazi”. Kupandikiza mpunga, kuvuna kakao na kufinyanga vyungu ni kazi, nazo zina kipato kinachoweza kuelezwa na mashahidi.

Muda: Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii, tangu siku ya ajali. Ikipita, mlango umefungwa, hata kama mguu ulikatwa juzi. Kwa mtoto, muda hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18. Lakini msimsubirishe mtoto kwa ajili hiyo; mashahidi hawasubiri. Gari likiwa la Serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa. Na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi tangu mwanzo, kwa maana kama haikujulishwa kesi inapofunguliwa inaweza kukataa kulipa hata baada ya hukumu.

Kwa kuwa tuko karibu na mpaka wa Kasumulu, tuseme na hili. Magari ya kutoka Malawi yanayogonga watu wetu si mzimu. Upo mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, na Tanzania, ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huo. Gari la kigeni lenye kadi hiyo linamlinda mtu wa tatu hapa kwetu kama gari la nyumbani. Andikeni namba ya kadi kabla gari halijavuka mto Songwe.

Akifa mtu, wanaodai ni wale waliomtegemea: mke au mume, watoto, wazazi. Njia ni kupitia msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Hapa ndipo tunapopoteza miaka. Msiba unakwisha, ukoo unabishana nani awe msimamizi, mashemeji hawamtaki mjane, na miaka mitatu inayeyuka. Jumuiya zinazomtembelea mjane kwa rozari zimsindikize pia Mahakama ya Mwanzo.

Na je, kama aliyeumizwa naye alikosea? Pikipiki ilikuwa na mishikaki, watu watatu, au haina taa, au abiria hakuvaa kofia ngumu? Hakimu anaweza kumpunguzia fidia kwa kadiri ya kosa lake, lakini hilo halimfanyi asiyepisha awe msafi. Semeni ukweli wote. Tumesikia ya watu waliofunga bandeji mguu mzima, na ya vishoka wanaozunguka hospitalini wakiahidi mamilioni ili wagawane nusu. Fedha ya namna hiyo ni wizi kama wizi mwingine. Vishoka muwaepuke, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, nao huhudumia wasio na uwezo bila malipo.

Maridhiano

Hatuwakatazi kupatana. Mapatano mazuri ni bora kuliko kesi ya miaka minne. Kuku na mchele vipokelewe kwa mikono miwili. Huo ni utu wetu, na anayevileta amekuja na machozi ya kweli. Ila visiandikwe kuwa ni fidia.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati ya Haki na Amani kwamba katika vigango vyetu hakuna padre, katekista wala kiongozi wa jumuiya atakayetia sahihi ya ushahidi katika karatasi ya maridhiano ya ajali kabla daktari hajaeleza kwa maandishi hali ya jeraha na matibabu yaliyobaki, kabla mwenye gari na bima yake hawajajulikana, na kabla majeruhi hajapata nafasi ya kuzungumza na msaidizi wa kisheria bila upande wa pili kuwapo. Maneno “hakuna madai mengine yoyote” yasiandikwe mtu akiwa bado kitandani. Tunaomba wachungaji wenzetu wa Kilutheri na Kimoravian walifikirie hili, maana dereva anaweza kuwa wa kwetu na majeruhi wa kwenu.

Mmetuuliza habari za yule mama. Tulimwendea tukamwomba radhi, yeye na mumewe. Kisha tulipeleka ile karatasi kwa mwanasheria. Anasema itatusumbua, lakini haijafunga kila kitu: iliandikwa na upande wa dereva, mwenye gari hakuwapo, kampuni ya bima haikujulishwa, na mama alikuwa katika maumivu na hakujua ukubwa wa jeraha lake. Tumekwisha kusema kwamba tukiitwa mahakamani tutasimama na kueleza jinsi karatasi ile ilivyopatikana, pamoja na sehemu yetu. Tangu ajali ni miaka miwili na miezi mitano. Imebaki miezi saba. Tunamtafuta kijana aliyekuwa na kibanda cha chipsi penye ile njia panda, ambaye aliona yote na inasemekana amehamia Mbeya. Anayemfahamu atuone baada ya kikao hiki. Daftari la kamati liko kwa katibu, na wenye ajali nyingine zisizotimiza miaka mitatu waje na PF3 zao siku ya Jumapili, baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe.

Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na mzee wetu.